Nani Alimchagulia Sura? Mjadala wa Picha za Wanawake Wayahudi wa Ulaya Mashariki

Sensa ya Polandi ya mwaka 1931 ilihesabu Wayahudi wapatao milioni 3.1, karibu mtu mmoja katika kila watu kumi nchini humo. Kufikia mwaka 1945 wengi mno kati yao walikuwa wameuawa na Wanazi, na sisi tuliokuja baadaye tunawajua zaidi kwa picha. Ukifungua vitabu vya picha hizo unapokewa na wanaume: ndevu, kofia nyeusi, makoti marefu, vidole juu ya kurasa za vitabu vya dini. Mwanamke naye yumo, lakini mara nyingi ni bibi kizee mwenye kikapu, au mama aliyezidiwa na dhiki, au mtoto mgonjwa. Wauguzi, walimu, makarani, wasichana waliopanda baiskeli na waliopigania haki za wafanyakazi, hao wamekwenda wapi?

Hoja ninayoileta ni hii: picha mashuhuri za maisha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki kabla ya vita zimewadhulumu wanawake wake. Nimeigawa kwa sauti tatu, kwa kuwa kila mojawapo imenishika mkono kwa wakati wake na sitaki kuinyamazisha hata moja. MZEE ni mpigapicha wa studio aliyestaafu. MWALIMU ni mama anayefundisha historia. BINTI anafanya kazi ya kuhifadhi picha za kale, na hasira yake haiko mbali. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kujizuia.

MZEE: Nianze kwa kumtetea mwenzangu wa kazi. Roman Vishniac alizaliwa mwaka 1897 karibu na Saint Petersburg, akakulia Moscow, akahamia Berlin mwaka 1920. Kati ya mwaka 1935 na 1938 shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani, lile linalojulikana kwa kifupi kama Joint, lilimtuma kupiga picha za Wayahudi maskini wa Polandi, Chekoslovakia, Romania na nchi za jirani. Alibeba kamera za Leica na Rolleiflex. Nyote mnaijua picha yake ya Sara: mtoto wa kike amekaa kitandani katika chumba cha chini ya ardhi mjini Warsaw, na juu ya kichwa chake ukuta umepambwa kwa maua. Mtu akisema picha ile imemdhulumu Sara, namwuliza: je, ingekuwa heri asionekane kabisa? Ufukara ule haukubuniwa. Maduka ya Wayahudi yalisusiwa, na mwaka 1936 waziri mkuu wa Polandi alisimama bungeni akaibariki vita ya kiuchumi dhidi yao. Mwaka uliofuata wanafunzi wa Kiyahudi walikuwa wanalazimishwa kukaa kwenye mabenchi yao ya peke yao vyuoni. Vishniac alipiga alichokikuta.

MWALIMU: Mzee wangu, ufukara haukubuniwa, hapo tumekubaliana. Ila aliyemtuma alijua anakitafuta nini. Joint ilihitaji picha za kuwafanya watu wa Marekani wafungue mikoba yao, na picha ya harambee ina kanuni zake. Huweki mbele mwanamke aliyetoka kazini na mshahara wake, unaweka mtoto asiye na viatu. Hilo silioni kuwa dhambi. Shida ilikuja baadaye. Mwaka 1947 baadhi ya picha hizo zikatoka katika kitabu kilichofunguliwa kwa maneno ya mwanafalsafa wa Kiyahudi Abraham Joshua Heschel, na mwaka 1983 zikatoka katika kitabu kikubwa zaidi, A Vanished World, kilichotanguliwa na maneno ya Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika kambi za Wanazi. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa anachangisha fedha tena. Picha zilizopigwa ili kueleza shida fulani ya mahali fulani zikageuka kuwa sura ya taifa zima.

MZEE: Hilo ni la wachapishaji. Kamera haina kosa.

MWALIMU: Na maelezo chini ya picha? Kwa Sara, Vishniac aliandika kwamba chumba hakikuwa na moto, kwa hiyo binti alikaa kitandani majira yote ya baridi, na kwamba baba yake ndiye aliyemchorea yale maua. Leo hifadhi inayaeleza maua hayo kuwa yamepigwa kwa kiolezo. Inawezekana baba ndiye aliyeshika kiolezo. Inawezekana pia alikuwa mpangaji aliyewatangulia. Chukua mfano mzito zaidi. Katika kitabu cha 1983 kuna mwanamume anayechungulia kwenye mlango wa chuma, na kuna mvulana anayeonyesha kwa kidole. Tukaambiwa ni baba anayejificha na mwanawe anayempa ishara kwamba wafanya ghasia wanakuja. Mtafiti Maya Benton alipozichambua negativu akakuta kwamba hizo mbili si picha za tukio moja. Matokeo ya kazi yake yalipoandikwa kwenye gazeti la New York Times mwaka 2010, waliompenda Vishniac waliumia sana.

MZEE: Niliumia mimi pia. Lakini niseme kitu nilichojifunza gizani nikisafisha picha za watu: maelezo ni kazi ya mdomo, picha ni kazi ya jicho. Mdomo ukikosea, tusilitoboe jicho. Sara yupo. Kitanda kipo. Baridi ilikuwepo.

Hapa namkubalia Mzee nusu. Kwa picha isiyo na jina la ukoo wala anwani, maelezo ndiyo karibu kila kitu tunachojua. Mtu anayesema picha inajitosheleza hajawahi kuulizwa na mjukuu: huyu ni nani? Pia tusisahau umri wa Sara. Sara alikuwa mtoto, na mtoto hamwambii mgeni mwenye kamera, "Usinipige."

BINTI: Mnazungumza habari za mtu mmoja na kitabu kimoja. Naomba nilete jambo lingine, kwa heshima zote. Vishniac alifariki mwaka 1990, akaacha maelfu ya negativu, na nyingi zilikuwa hazijawahi kuonwa na umma. Kituo cha kimataifa cha upigaji picha cha New York kilipoziandaa kwa maonyesho makubwa ya mwaka 2013, watu walistaajabu kukuta Wayahudi wasio na ndevu, wa mjini, wenye mavazi ya kisasa, na wanawake wengi zaidi ya wale waliozoeleka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alipiga picha za vijana wakimbizi katika kijiji cha mafunzo ya kilimo huko Nieuwesluis, Uholanzi, waliokuwa wakijiandaa kuhamia Palestina. Wanajenga, wanabeba, wanalima, na amewapiga kutoka chini kwenda juu kama mashujaa. Kwa hiyo mkono ulijua kumpiga mwanamke wa aina nyingine. Sasa nauliza: kwa nini wachaguzi wa picha, kwa miaka hamsini, hawakumtaka?

MWALIMU: Unadhani kwa nini?

BINTI: Kwa sababu ya nguo, Mwalimu. Simama katika mtaa wa Warsaw mwaka 1935, utafute "Myahudi" kwa macho tu. Mwanamume wa Kihasidi, yaani wa madhehebu ya Kiyahudi yanayoshika sana desturi za kale, utamwona kutoka mbali: koti, kofia, mashavu yenye nywele zilizosokotwa. Mke wake je? Amevaa koti na kofia ndogo kama jirani yake Mkatoliki. Kama ni mshika dini amefunika nywele zake kwa wigi, na wigi lenyewe limeshonwa kwa mtindo wa nywele wa mwaka huohuo. Lenzi haimtambui. Mhariri anayetafuta picha ya ulimwengu uliotoweka anaipita sura yake, na wala hana chuki naye. Haonekani wa ajabu kiasi cha kutosha, basi. Anafanana na mama yake huyo mhariri.

Kwa maoni yangu hii ndiyo roho ya mjadala wote. Tumezoea kudhani mwanamke hakupigwa picha kwa sababu alifichwa ndani. Hoja ya Binti inapindua dhana hiyo: alikuwa nje, sokoni, dukani, shuleni, kwenye mikutano ya vyama, na ni kuonekana kwake kwa kawaida kulikomfanya asichaguliwe.

MWALIMU: Hapo umenigusa, na nitakuongezea sababu ya kihistoria. Wavulana wa familia za kidini walipelekwa kwenye heder, darasa la dini, tangu wakiwa wadogo. Kwa wasichana sheria ya dini haikuweka wajibu kama huo, kwa hiyo wengi wao waliingia shule za serikali. Wakajifunza Kipolandi kuliko kaka zao, wakasoma riwaya, wakajua mitindo. Katika nyumba moja ungeweza kukuta baba wa karne iliyopita na binti wa karne ya ishirini wakila mkate mmoja. Fundi cherehani mmoja wa Kraków, Sarah Schenirer, aliliona pengo hilo likimeza mabinti. Mwaka 1917 alianza kufundisha wasichana wachache, na alipofariki mwaka 1935 shule za Bais Yaakov zilizotokana na kazi yake zilikuwa zimeenea Polandi nzima na kuvuka mipaka. Yaani hata mwanamke mshika dini wa miaka ile, tunayemdhania kuwa mlinzi wa mambo ya kale, alikuwa mwanafunzi wa shule mpya kabisa iliyobuniwa na fundi cherehani.

BINTI: Na Schenirer mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Sura yake tunayoijua zaidi ni ile ya picha ndogo ya hati.

MZEE: Basi na iandikwe. Katika kazi yetu tunawakumbuka waliokuja; waliokataa hawana faili. Hifadhi yoyote ya picha ni hifadhi ya waliokubali, pamoja na wale ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Hao wa pili ndio wanaonisumbua. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, jeshi la Ujerumani lilipokalia maeneo yale, kadi za posta za "aina za Wayahudi" zilitumwa nyumbani na askari kwa wingi. Nani alimwomba ruhusa yule mama wa sokoni?

MWALIMU: Wala si askari peke yao. Kati ya mwaka 1912 na 1914 mwandishi S. An-sky aliongoza msafara wa utafiti katika miji midogo ya Volhynia na Podolia, katika Ukraine ya leo, akiwa na mpwa wake Solomon Yudovin kama mpigapicha. Aliipenda jamii ile kwa moyo wote. Aliandaa dodoso la maswali 2,087 kuhusu maisha ya mtu tangu mimba hadi baada ya kifo. Sehemu kubwa ya mwanzo inahusu ujauzito na uzazi, mambo ambayo hakuna aliyeyajua kama wanawake na wakunga wao. Picha za msafara zina thamani isiyopimika. Hata hivyo, mtafiti naye hutafuta cha kale kabla hakijafa, na msichana anayesoma gazeti si cha kale.

MZEE: Mbona hamumtaji Alter Kacyzne? Huyo ndiye ningemfundishia mwanafunzi.

Mzee ana haki ya kushangaa. Kacyzne, aliyezaliwa mwaka 1885, alikuwa mwandishi wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mwenye studio Warsaw, na mmoja wa walioandika mswada wa filamu The Dybbuk ya mwaka 1937. Mwaka 1921 shirika la kusaidia wahamaji, HIAS, lilimpa kazi ya kupiga picha za wanaohama. Miaka miwili baadaye Abraham Cahan, mhariri wa gazeti la Forverts la New York, akamtuma azunguke Polandi kuwapigia picha wasomaji wake.

MZEE: Ukitazama picha zake unaona mtu wa studio aliyetoka nje. Anajua kumngoja mtu mpaka uso utulie. Ana picha ya heder ya wasichana huko Łaskarzew, jambo ambalo mtu aliyezoea picha za wavulana tu asingeamini kwamba lilikuwepo. Ana wanawake kazini. Ana vikongwe ambao mikunjo yao haikupigwa ili tuwahurumie.

BINTI: Namheshimu, mzee wangu. Lakini tazama kilichobaki. Kiasi cha picha 700 zimesalia, na ziko katika taasisi ya YIVO New York. Zimesalia kwa kuwa zilikwisha kuvuka bahari, zimeagizwa na gazeti la wahamiaji waliokuwa na hamu ya kuona kwao walikotoka. Hifadhi ya studio yake Warsaw iliteketea. Yeye mwenyewe aliuawa kwa kipigo Tarnopol, Julai 1941. Sasa fikiria kilichokuwa ndani ya studio ile: maharusi, wanafunzi waliohitimu, waigizaji, dada wawili waliovaa sare, mama aliyemleta mtoto wa kwanza. Watu waliokuja kwa miguu yao, wakalipa, wakachagua wasimame vipi. Hao ndio waliokwenda na moto. Picha zilizoagizwa na hamu ya watu wa mbali ndizo zilizopona. Kisha sisi tunaziita "maisha yao".

Sijui jibu la hoja hiyo. Hifadhi zinazosalia baada ya mauaji ya halaiki hazikuchaguliwa kwa haki; zilichaguliwa na njia za posta, na watu waliohama mapema, na bahati ya paa ambalo halikuangukiwa na bomu.

MWALIMU: Lakini tusiwafanye wanawake kuwa malaika mara tu wanapolipia picha zao wenyewe. Mwaka 1929 gazeti la Warsaw lililochapishwa kwa Kipolandi kwa wasomaji Wayahudi, Nasz Przegląd, lilianzisha shindano la urembo la Miss Judea. Wasichana walituma picha, zikachapishwa, wasomaji wakapiga kura, na hatimaye Zofia Ołdak akavikwa taji. Hapo mwanamke amejichagulia sura, kweli. Ila amejichagulia ndani ya dirisha la duka. Gazeti liliuza nakala. Ulaya ilikuwa na hadithi yake ya muda mrefu kuhusu "Myahudi wa kike mrembo", imejaa kwenye michoro na riwaya za karne ya kumi na tisa, na shindano lile liliiazima hadithi hiyo.

BINTI: Mwalimu, mbona wewe unamhukumu kwa ukali kuliko unavyomhukumu anayempiga mwanamke akiwa hoi? Fikiria mwaka wenyewe. Mitaani kuna magazeti yanayomchora Myahudi kwa pua ya kutisha. Msichana anatuma picha yake ionekane na watu wa nchi nzima: huyu hapa, ni Myahudi, ni wa Polandi, na ni mzuri. Kiongozi wa baraza la jumuiya ya Wayahudi wa Warsaw alipompokea kwa heshima, wahafidhina wa dini walikuja juu kwa hasira. Jamii nzima ikabishana: picha ya mwanamke ni ya nani? Ya baba yake? Ya dini yake? Ya gazeti? Mjadala wetu huu si mpya. Waliufanya wao wenyewe, tena kwa sauti kubwa.

MWALIMU: Nakupa hilo. Bado siupendi ule utaratibu wa kura.

MZEE: Hata mimi siupendi, na nilipiga picha za warembo miaka mingi.

Nikiulizwa ni wapi pa kuanzia kutazama, nitasema Eišiškės, ambayo kwa Kiyidishi iliitwa Eishyshok, mji mdogo uliokuwa Polandi kati ya vita mbili za dunia na leo uko Lituania. Huko studio ya picha iliendeshwa na mume na mke, Yitzhak Uri Katz na Alte Katz. Mjukuu wao, Yaffa Eliach, alinusurika akiwa mtoto, akawa mwanahistoria Marekani, na kwa miaka mingi akazunguka akikusanya picha za watu wa mji ule kutoka kwa walionusurika na kwa jamaa waliohama. Alipata maelfu. Takriban elfu moja kati ya hizo ndizo zinazofunika kuta za mnara ndani ya jumba la makumbusho ya Maangamizi lililofunguliwa Washington mwaka 1993, na wageni huupita mnara huo kwa vidaraja katika ghorofa tofauti. Wayahudi wa Eišiškės waliuawa katika siku mbili za Septemba 1941.

BINTI: Kuna jambo moja kuhusu Alte Katz ambalo halisemwi vya kutosha. Kwenye studio ile mwanamke alikuwa na sehemu yake nyuma ya kamera. Wasichana walioingia hawakutazamwa na mtafiti wala mfadhili wala askari. Walitazamwa na mtu wa mtaa wao, anayemjua mama yao, na atakayewakuta sokoni kesho. Matokeo yake ni pikiniki, michezo ya kuteleza kwenye theluji, marafiki wanaokumbatiana, kadi za mwaka mpya za kutuma Marekani. Hata huzuni yao ni ya kawaida, kama ya mtu aliyeachwa na mchumba.

MZEE: Picha za mteja wa mtaani huwezi kuzidanganya. Ukimharibu sura, mama yake atakuja kukugombeza mlangoni.

MWALIMU: Lakini nazo zina uongo wake, mzee. Pazia lililochorwa bustani, kiti cha kifahari, vazi la kuazima. Aliyetumiwa picha New York aliamini dada yake anaishi vizuri. Binti anazisoma kama ukweli uliokosekana. Mimi nazisoma kama matamanio yaliyolipiwa.

BINTI: Na matamanio si sehemu ya maisha?

MWALIMU: Ni sehemu. Ndiyo maana nataka zote mbili, Sara na dada mwenye vazi la kuazima. Ukiniambia nichague moja, unanirudisha kwenye kosa lilelile la wahariri.

Mwalimu hapa ameniondolea jambo lililokuwa likinisumbua. Nilikuwa tayari kuandika kwamba picha za studio ndizo za kweli na za harambee ni za uongo. Sivyo. Tofauti iko kwenye nani alikuwa na neno la mwisho kabla kifungo hakijabonyezwa. Ndiyo maana nasema tuanze na zile ambazo mwanamke mwenyewe alikuwa na neno hilo, kisha tuende kwa Kacyzne, kisha kwa Vishniac, tukiwa tumeshajua tunakutana na dada zao wale wale waliokosa pesa ya kwenda studio. Mpangilio huo unabadilisha macho. Sara akitanguliwa na wenzake wanaocheka juu ya baiskeli, tunamwona kama mtoto ambaye mwaka ule ulikuwa mbaya kwake, na mwaka mwingine ungeweza kuwa tofauti.

MZEE: Kuna jambo moja linanizuia kulala ninapozitazama. Kila uso naujua mwisho wake. Nikiona msichana amevaa nguo ya kuogelea mwaka 1937, naona 1942. Sijui kuzuia.

BINTI: Naomba ujaribu, mzee wangu. Yeye hakuijua 1942. Alijua kwamba maji ni ya baridi na kwamba anayempiga picha ni kijana anayempenda. Tukimtazama kama maiti ajaye, tunamnyang'anya hata ile siku moja.

MWALIMU: Mimi siwezi kukuunga mkono hapo, mwanangu. Aliyemuua alitaka pasiwe na atakayeuliza alikufaje. Kutazama picha ile bila kuuliza ni kumsaidia muuaji kazi yake. Kumwomba Mzee asiione 1942 ni kumwomba asahau.

BINTI: Sisemi asahau. Nasema kwanza amwone.

Sauti hizi mbili sijaweza kuzipatanisha, na sijui kama zinapaswa kupatana. Mahali zinapogongana kwa nguvu kuliko pote ni Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mwaka 1943 Wayahudi wa Będzin na Sosnowiec, kusini mwa Polandi, walipopelekwa kambini, walibeba picha zao za familia. Kiasi cha 2,400 zilisalia na kuhifadhiwa kwenye makumbusho ya kambi. Mwaka 1986 Mmarekani Ann Weiss alipotembelea mahali hapo alionyeshwa, akazifanyia kazi kwa miaka, na mwaka 2001 akazichapisha katika kitabu The Last Album. Mwanamke aliyeambiwa afunge mzigo mmoja wa safari asiyoijua alichagua hizi: harusi, mtoto mchanga, marafiki ufukweni, mchumba aliyeandika mapenzi yake nyuma ya picha. Kati ya vyote nilivyovitaja, hapa ndipo nasikia kwa uwazi zaidi wanawake wale wakisema wao walikuwa nani.

MZEE: Na hapo ndipo napenda kuuliza swali la kazi yetu. Mteja akilipa, picha ni yake. Studio yangu sikuwahi kuweka sura ya mtu dirishani bila kumwuliza. Picha zile alizikunja kwenye nguo zake. Hakuwa anazipeleka kwenye maonyesho. Nani ametupa ruhusa?

MWALIMU: Hakuna aliyetupa.

BINTI: Kuna wa kuwauliza, na Weiss aliwatafuta. Alichukua picha zile akawapelekea walionusurika wa Będzin na jamaa zao, wakazitambua nyuso, wakataja majina na nani alimpenda nani. Picha ikirudi kwa jina, inarudi kwa familia, na familia inaweza kusema ndiyo au hapana. Taasisi ya Centropa, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilifanya hivyo kwa njia nyingine: iliwahoji wazee Wayahudi 1,200 hivi wa Ulaya ya Kati na Mashariki, kila mmoja akiwa ameshika picha zake mwenyewe na kueleza huyu ni nani. Lakini mjini Lublin, Polandi, katika dari la nyumba moja ya Rynek, uwanja wa soko wa mji wa kale, vilikutwa vioo vya negativu takriban 2,700 vya kabla ya vita. Wayahudi na Wakatoliki wamechanganyika humo, na hakuna daftari la majina. Humo yumo mwanamke aliyevaa vizuri, amekaa, anaitazama lenzi moja kwa moja. Ni Myahudi au si Myahudi? Hatuna njia ya kujua, kwa sababu zile nilizozisema: nguo zake hazituambii.

MZEE: Huyo ungemwandikia nini chini yake?

BINTI: Mji, na miaka inayokadiriwa, na jina la studio kama tunalo. Kisha ningeacha nafasi.

MWALIMU: Mimi ningeandika pia kwamba wateja wengi wa mtaa ule waliuawa.

BINTI: Kama hatujui kwamba ni mmoja wao?

MWALIMU: Ndiyo, hata hivyo. Kuhusu mtaa tunajua.